Nimemtumia Muzammil Mara Ngapi

Ijumaa ndiyo siku ambayo mjomba Yunus alikuwa aje Bagamoyo kumposea mpwa wake Muzammil binti aitwaye Hanadi, na Jumanne, siku tatu kabla, Muzammil alikuja mwenyewe kusema kwamba mjomba haji tena. Hanadi hakulijua hilo. Asubuhi ile alikuwa amepiga pasi ushungi wake wa zambarau, ule wenye ushanga mdogo mdogo pembeni, akajitazama kwenye kioo, akaona amekuwa kama mtu anayekwenda harusini, akauvua. Akajifunga wa kijivu wa kila siku. Kisha akautazama wa kijivu, nao akauvua, akarudia wa zambarau.

Duka la baba yake, mzee Mahfoudh, liko Magomeni ya hapohapo Bagamoyo. Anauza misumari, rangi, bawaba, kufuli, mabati kwa anayeagiza, na makopo ya gundi yaliyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa darasa la kwanza. Nyuma ya kaunta kuna ukumbi mwembamba wenye meza moja ya mninga, na juu ya meza hiyo mama Hanadi ametandika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wiki ile mama alikuwa Unguja kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo kitambaa kilikaa upande upande na hakuna aliyekinyoosha. Hapo ndipo mzee alipowaruhusu Hanadi na Muzammil kufanyia kazi, mlango wazi, yeye akiwaona kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa amesema anamkubali kijana. Alisema tu kwamba kazi ni kazi.

Na kazi yenyewe ilichukua muda kumwingia mzee. Kampuni yao ndogo ya Dar es Salaam imetengeneza chombo cha kutafutia miamala. Mtu ana simu yake, na ndani ya simu kuna msaidizi wa akili mnemba anayezungumza naye kwa Kiswahili. Akimwuliza ni lini alilipa ada ya mtoto, au mwezi uliopita alinunua umeme mara ngapi, msaidizi hukiendea chombo kile, kikatafuta katika miamala ya mtu huyo peke yake, naye akarudi na jibu. Muzammil ndiye aliyekiunda. Hanadi ndiye aliyekiandikia maelezo, lakini si maelezo ya kusomwa na watu, ni ya kusomwa na msaidizi: chombo kinafanya nini, kiitwe wakati gani na wakati gani kisiguswe, kipewe jina la nani na tarehe za kutoka lini hadi lini, na kikirudi mikono mitupu, msaidizi aseme hakuona kitu, asibuni.

Siku ya kwanza Hanadi alipomwambia baba yake kwamba anawaandikia mawakala wa akili mnemba, mzee alidhani ni wale mawakala wa pesa wanaokaa kwenye vibanda vya barabarani. Akauliza kama siku hizi nao wanapewa akili, maana yule wa pale njia panda anaihitaji. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inasema msaidizi.

Miezi minane walifanya kazi hivyo. Yeye Muzammil akileta chombo, Hanadi akikisoma na kumwambia hapa umeandika neno ambalo hakuna mtu wa Bagamoyo atakayelisema. Mwanzoni Muzammil alichukia. Baadaye akawa anaacha makosa mengine makusudi, apate kuambiwa. Hanadi aliligundua hilo mwezi wa tatu, akanyamaza, akaendelea kusahihisha.

Muzammil alifika saa nne. Mzee Mahfoudh alikuwa akimpimia fundi mmoja misumari ya inchi tatu, akiongeza mmoja, akipunguza mmoja, mpaka mshale wa mizani utulie.

"Asalaam aleikum. Shikamoo mzee."

"Waaleikumu salaam. Marahaba. Kiwangwa hawajambo?"

Watu wa kwao Kiwangwa hawakuwa na jambo, mama naye mzima, mvua kidogo. Mzee aliitikia kila kimoja, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya kijana. Kila alipokuja, Muzammil alibeba kikapu chenye mananasi mawili ya shambani kwa mama yake, yaliyokatwa mashina sawasawa. Leo hakubeba kitu isipokuwa mkoba wa kompyuta. Mzee aliliona hilo. Akamfungia fundi misumari yake kwenye gazeti.

Ukumbini Hanadi alimkaribisha, akammiminia chai ya mchaichai, akamsogezea sahani ya kashata. Muzammil alisema ahsante, akaishika kashata moja, akairudisha. Akaketi kiti cha upande wa pili wa meza, si kile cha pembeni yake alichokizoea. Hanadi akaona. Moyo wake ukapiga hatua moja nyuma, lakini akajiambia labda amechoka na safari.

Kazi ya siku ile ilikuwa kumaliza. Jumatatu ijayo chombo kilikuwa kikabidhiwe kwa wateja wa kwanza, na maelezo yalitakiwa yafungwe. Hanadi ana tabia ya kusoma kwa sauti alichoandika, ili sikio lishike ambacho jicho limekiruka. Akasoma sehemu inayosema chombo hiki ni cha kutazama tu, hakihamishi hata senti. Muzammil akasema sawa. Akasoma inayosema msaidizi asitaje namba ya akaunti ya mtu mwingine. Sawa. Akasoma ya tarehe, kwamba mtu akisema juzi juzi huenda ana maana ya wiki tatu. Hapo siku zote walikuwa wakicheka, kwa sababu juzi juzi ya mama yake Muzammil hufika mpaka mwaka juzi. Leo alisema sawa.

"Haya, tujaribu mifano," Hanadi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kutembea kwa tahadhari.

Mifano ilikuwa orodha ya maswali ambayo watu huuliza. Akaandika la kwanza, msaidizi akajibu vizuri. Akaandika la pili, vilevile. La tatu lilikuwa lile lenye jina. Alipokuwa akiandika mifano wiki iliyopita, alihitaji jina la mtu, na vidole vyake vikaandika jina vililolizoea. Akaliandika tena sasa: Nimemtumia Muzammil mara ngapi tangu Januari?

Msaidizi akafikiri kidogo, akajibu kwamba hakuona matumizi yoyote chini ya jina hilo.

Hanadi akacheka. "Umesikia? Anasema wewe hunigharimu kitu."

Muzammil hakucheka. Alikuwa ameitazama ile sentensi kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama jeraha lake likifungwa na mganga.

"Labda hajui kuhesabu," akasema polepole. "Wengine wanajua."

"Nani anajua?"

Alikunja kitambaa cha meza kwa kidole, akakikunjua. Kisha akainua macho. Hanadi aliyajua macho yale yakiwa na usingizi, yakiwa na hasira ya kazi, yakiwa na kicheko kilichozuiwa kwa ajili ya mzee pale kaunta. Hakuwahi kuyaona hivi, makavu, kama yamekwisha kulia mahali pengine.

"Hanadi, Ijumaa mjomba Yunus haji. Nimempigia asubuhi nikamwambia asije. Nimekuja nikwambie mwenyewe, nisikutumie ujumbe."

Kule kaunta mteja aliuliza bei ya brashi ya inchi nne, na mzee Mahfoudh akamwambia arudi baadaye. Brashi zilikuwa zimening'inia mbele ya pua yake.

Hanadi akachukua kawa. Akaifunika sahani ya kashata, akaweka kawa sawasawa, kana kwamba inzi ndio waliokuwa shida ya pale. Halafu akamwuliza kwa nini, kwa sauti ndogo kabisa, na Muzammil akamweleza.

Jumamosi walikuwa wote harusini Kaole. Wanawake walikuwa ndani, wanaume uwani, na yeye alikuwa amesimama karibu na masufuria ya pilau akisubiri kusaidia kubeba sinia. Shangazi Ahlam, dada yake mzee Mahfoudh, akamwita pembeni. Hakumtukana. Alimshika mkono kama mzazi, akamsifu kwa adabu yake, akauliza hali ya mama yake. Halafu akamwambia kwamba anamhurumia. Kwamba Hanadi ameshasemewa, ameahidiwa kwa binamu yake Zayed aliyeko Maskati, jambo la ndani ya ukoo, halijatangazwa tu.

"Akaniambia, 'Mwanangu, binti yetu anakutumia. Unamfundisha kazi, akishaijua anakwenda zake.' Ndivyo alivyosema. Anakutumia."

"Na wewe ukaamini."

"Sikuamini. Wallahi sikuamini. Nilirudi nimejiambia ni maneno ya harusini." Akakigeuza kikombe chake kwenye kisahani. "Jumapili nilikuwa shambani namsaidia mama kupakia mananasi. Tukapumzika. Nikafungua simu nisome maelezo yako, niyapitie kabla ya leo. Nikakutana na hilo. Nimemtumia Muzammil mara ngapi."

Hanadi akatazama sentensi ile. Akaisoma kama alivyoisoma Muzammil kule shambani.

"Najua ni mfano," Muzammil akaendelea. "Mimi si mjinga, chombo nimekiunda mwenyewe. Lakini nikasema, katika majina yote ya dunia, na katika vitenzi vyote. Nikaona kama umeandika kwa kucheka. Kama pale ofisini watu wanasoma na kutazamana."

"Nimekutumia pesa, Muzammil. Ndicho nilichoandika. Nimekupelekea. Mwezi wa pili ulipokwama Lugoba basi limeharibika, nilikutumia elfu kumi. Nikakutumia tena za dawa ya mama. Ukazirudisha zote, ukanirudishia na mia tano juu, nikakasirika siku mbili. Nilipotafuta mfano nilikumbuka ile hasira nikacheka peke yangu. Hicho ndicho kicheko kilichomo humo."

Muzammil akaitazama tena ile sentensi.

"Na Zayed," Hanadi akasema, "mara ya mwisho nilimwona ana miaka tisa, amekwama kichwa kwenye nondo za dirisha la msikiti. Kama nimesemewa kwake, basi nimesemewa mimi sipo."

Kule mbele kulikuwa kimya. Mizani ya mzee haikulia.

Hanadi akaivuta kompyuta kwake. Muzammil alidhani anaifunga, akanyoosha mkono kuchukua mkoba wake. Lakini alikuwa akiandika. Aliandika kwa muda mrefu, akifuta, akiandika tena, midomo ikisogea bila sauti kama mtu anayehesabu vyombo vya watu. Ushungi ulimteleza kidogo, akaurudisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea. Muzammil alikaa na mkoba mapajani, haondoki, hakai. Alitazama namna nyusi zake zinavyokaribiana anapotafuta neno, na akajua hilo ndilo atakaloliona Kiwangwa akifumba macho.

Alipomaliza akaigeuza kompyuta imwelekee.

"Soma," akasema. "Hii ni sehemu mpya. Msaidizi amekosea na wewe umekosea, kosa moja hilohilo, kwa hiyo nimeandika mara moja kwa wote wawili."

Akasoma. Ilikuwa imeandikwa hivi:

Kuhusu neno kutumia. Mtu akisema nimetumia, bila kutaja mtu, kwa kawaida anauliza matumizi yake. Tafuta manunuzi na malipo. Akisema nimemtumia fulani, kwa kawaida anauliza pesa alizompelekea mtu huyo. Tafuta zilizotumwa kwa jina hilo. Lakini wapo wanaosema kumtumia mtu wakiwa na maana ya kumfanya chombo, kumtwaa na kumwacha. Maana hiyo haimo katika miamala na huwezi kuipata kwa kutafuta. Ukiona shaka, usichague maana mwenyewe. Usijibu kwa uliyoyasikia kwa mwingine. Muulize aliyesema.

Akaisoma mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa hasomi, ameinamisha kichwa tu.

"Sentensi iliyo kabla ya ile ya mwisho," akasema, "hiyo ya uliyoyasikia kwa mwingine. Msaidizi haendi harusini."

"Hiyo ni yako."

"Hatuwezi kuiacha kwenye maelezo."

"Basi ifute. Lakini uifute ukiwa umeitii."

Muzammil aliweka mkoba chini. Akasimama, akazunguka meza, akaja kuketi kwenye kiti cha pembeni, kile chake. Waliachana kiasi cha dhiraa moja, kama siku zote, na Hanadi alihisi joto la bega lake kwa dhiraa yote hiyo.

"Hanadi, unanitumia?"

Alimtazama usoni. Hakuharakisha. Mwanamke akiulizwa swali la maisha yake ana haki ya kulikalia.

"Nakutumia," akasema. "Chupa ya achari ikinishinda, nakutumia. Nikiota vibaya nikaamka na hofu, nakutumia wewe kuwaza mpaka inapoa, na wewe huko Kiwangwa huna habari. Nikiwa na neno ambalo sijui kama ni zuri, nakutumia sikio. Nitakutumia mpaka uchakae, Muzammil, na nikishakuchakaza nitakushona nikutumie tena. Kama shangazi amekwambia hivyo, amekwambia kweli. Alichokosea ni ile sehemu ya kukuacha."

Muzammil aliisogeza kompyuta pembeni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu: akajifuta macho kwa kiganja, moja, halafu la pili, kwa utaratibu.

"Na mimi?" akauliza. "Nina ruhusa gani?"

"Hiyohiyo."

Ndipo kiti cha kaunta kilipolia. Mzee Mahfoudh alikuja mpaka kwenye fremu ya mlango, akasimama na miwani yake juu ya paji la uso. Wote wawili wakainuka. Hakuwatazama, alitazama kitambaa cha meza kilichokaa upande, akakivuta pembe moja, kikanyooka.

"Ahlam alikwambia hayo Kaole," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kwamba binti yangu amesemewa."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe, sikutaka kuyaleta mbele yako."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda. Alipozungumza hakuinua sauti, na Hanadi aliyemjua aliona hasira yake ilivyo kubwa kwa jinsi ilivyokuwa tulivu. Alisema kwamba yeye hajamkubali kijana, na asije mtu akatoka pale akidhani amemkubali. Alikuwa na sababu zake. Watu wa kwao wameoana wao kwa wao tangu enzi za babu zake, na hajui mananasi yanaota vipi, na hata hiyo kazi yao, kwa miezi minane, ameielewa leo tu, tena kwa kusikiliza kwa siri.

"Lakini posa ya binti yangu huja kwangu," akasema. "Haijafika, nami sijaijibu. Aliyeijibu kwenye masufuria ya pilau ni nani? Nimekufa?"

Mzee akaivuta na pembe ya pili ya kitambaa.

"Mpigie mjomba wako. Ijumaa baada ya alasiri. Aje na watu wake kama ilivyopangwa, akae ukumbini kwangu, aseme alichokuja nacho. Jibu atalipata kwangu. Likiwa hapana, litakuwa hapana yangu."

"Na likiwa ndiyo, baba?" Hanadi akauliza.

Mzee akaishusha miwani machoni, akamwangalia binti yake kwa mara ya kwanza tangu asimame pale. Aliutazama ule ushungi wa zambarau na ushanga wake.

"Ijumaa si mbali," akasema.

Muzammil akatoa simu. Vidole vyake vilikosea namba mara mbili. Ilipopokelewa, sauti ya mjomba Yunus ilijaa ukumbini, maana mjomba huongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya shamba. Alikuwa Lugoba, kasema, kwa sababu asubuhi aliambiwa hana safari, akaenda kushughulikia mambo yake. Muzammil akamwambia Ijumaa aje.

"Asubuhi nisije, sasa nije," mjomba akasema. "Mimi ni mpira? Hebu nieleze. Yule binti umemuuliza mwenyewe, kwa mdomo wako?"

"Nimemuuliza, mjomba. Sasa hivi."

"Akasemaje?"

Muzammil akamtazama Hanadi. Hanadi akainamisha uso, lakini si kabla hajamwona anavyozuia kicheko.

"Amesema atanitumia."

Simu ikanyamaza. Ilisikika pikipiki ikipita huko Lugoba, na mjomba Yunus akihema, akifikiri.

"Atakutumia nini?" akauliza.

Mzee Mahfoudh aligeuka haraka akarudi kaunta, akaanza kupanga makopo ya gundi yaliyokuwa yamekwisha kupangwa, mabega yakimtetemeka.